Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utalii na bahari Zanzibar kuhusu mafunzo ya uzamiaji

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum.

Ninawaandikia ninyi mliokabidhiwa dhamana ya utalii, ya uchumi wa buluu, ya usafiri baharini na ya mafunzo ya amali hapa Zanzibar, kwa sababu jambo ninalolileta linagusa ofisi zenu zote nne, na jambo lenye wenyewe wengi huishia kukosa mwenyewe. Mimi ni mkufunzi wa uzamiaji wa mitungi katika Mkoa wa Kaskazini Unguja. Nilianza kazi hii nikiwa baharia wa boti, nikibeba mitungi begani wakati maji yamekupwa na boti imetia nanga mbali, na ilinichukua miaka saba kufika nilipo leo. Siandiki kama mtu wa nje anayelaumu riziki za watu. Biashara hii ndiyo iliyonijengea nyumba na ndiyo inayosomesha wanangu.

Shida yenyewe ni hii. Kozi ya awali ya uzamiaji, ile inayompa mgeni kadi ya kuzamia popote duniani hadi kina cha mita 18, inauzwa katika fukwe zetu kwa ushindani wa bei ambao kila msimu unaisukuma chini zaidi. Mafuta ya boti hayashuki bei kwa ajili ya ushindani huo, wala vipuri vya kompresa, ile mashine ya kujaza hewa mitungini, wala kamisheni ya hoteli na ya vijana wanaoleta wateja. Kwa hiyo kitu pekee kinachobaki cha kupunguzwa ni muda ambao mwanafunzi anakaa majini na mwalimu wake, na kitu hicho ndicho hasa alichokilipia.

Naomba niwaeleze tukio moja. Msimu mmoja wa kaskazi nilipangiwa kumwongoza mgeni wa kike ambaye kadi yake ilikuwa na siku tano tu tangu itolewe na skuli nyingine, ambayo sitaitaja. Kwenye boti alinitazama nikifunga jaketi lake la kuelea kwenye mtungi kama mtu anayeliona jambo hilo kwa mara ya kwanza. Nilimuuliza alifundishwa kwa siku ngapi, akanijibu mbili na nusu, pamoja na asubuhi moja ya kutazama video. Nilipaswa kuisimamisha safari yake palepale, na kosa la kutofanya hivyo ni langu. Tulipofika mita 14 maji kidogo yaliingia ndani ya miwani yake, jambo linalompata kila mzamiaji na ambalo huondolewa kwa pumzi moja ya puani. Yeye hakujua la kufanya. Alibana pumzi, akafumba macho, akaanza kupiga mapezi kwa nguvu kuelekea juu. Nilimdaka kwa mkanda wa jaketi, nikamgonga begani mpaka akafumbua macho na kuniona nikitoa mapovu, naye akatoa pumzi. Tulipanda taratibu, tukasimama kwenye mita 5 kwa dakika tatu, na alipofika kwenye boti alilia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzama naomba nieleze kwa nini nilimshika kwa nguvu kiasi kile. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu hapa nchi kavu. Hewa inayojaza pafu kwenye mita 10 itataka nafasi mara mbili ikifika juu, na ile ya mita 14 itataka nafasi karibu mara mbili na nusu. Mtu aliyebana pumzi huku akipanda hana mahali pa kuipeleka hewa hiyo, na pafu linaweza kupasuka hata katika mita moja au mbili za mwisho, hewa ikaingia kwenye damu na kwenda kwenye ubongo. Hii ndiyo sababu kanuni ya kwanza katika kila kitabu cha uzamiaji ni kutobana pumzi kamwe. Mwanafunzi anaweza kuikariri kanuni hiyo kwa dakika moja, lakini mwili wake unaizoea tu kwa kurudia, tena na tena, kuvua miwani na kuivaa chini ya maji, kuitoa mdomoni reguleta, yaani kifaa cha kupumulia, na kuirudisha, kuomba hewa kwa mwenzake na kuipata, mpaka mikono ifanye kazi hizo bila kusubiri akili.

Sasa tazameni hesabu. Mtungi wa kawaida wa lita 12, geji ikisoma mgandamizo wa baa 200, una lita 2,400 za hewa. Kanuni inataka tubakishe akiba ya baa 50, yaani lita 600, kwa hiyo za kutumia ni lita 1,800. Mwanafunzi mgeni mwenye wasiwasi anaweza kuvuta lita 25 kwa dakika akiwa juu, na kwenye mita 10 kiasi hicho huwa lita 50. Gawanyeni: ana dakika 36. Viwango vya mashirika makubwa ya ng'ambo yanayotoa kadi hizi vinaruhusu mwalimu mmoja kuwa na wanafunzi wanane baharini, navyo vinasema wazi kwamba hicho ni kiwango cha juu kabisa, kinachotakiwa kupunguzwa hali ya bahari ikiwa si tulivu. Zoezi moja likimchukua kila mwanafunzi dakika tatu kulifanya vizuri, wanafunzi wanane wanamaliza dakika 24 kwa zoezi hilo moja, na waliosalia wanapiga magoti mchangani wakingoja zamu huku hewa yao ikiisha. Wanafunzi wanne wangemaliza mazoezi matatu kwa mtungi uleule. Mwalimu mwenye wanane, hata awe hodari vipi, ama atafanya zoezi moja ama atafanya matatu kwa kutikisa kichwa tu kuonyesha kwamba limepita. Katika skuli nyingi nilizopita, alichofanya ni kutikisa kichwa.

Na hapo ndipo biashara inapoingia. Boti ya kwenda kisiwa cha Mnemba inakunywa mafuta yaleyale ikiwa na wanafunzi wawili au wanane. Mwalimu, katika skuli nyingi, halipwi kwa saa bali kwa kila kadi anayoitoa, na akimwambia mwanafunzi kwamba hajawa tayari na anahitaji siku ya nne, siku hiyo anaifanya bure, huku mwenye skuli akinuna kwa sababu boti ina safari nyingine saa nane mchana. Nimefanya kazi chini ya utaratibu huo na najua unavyomla mtu. Hakuna anayekuambia umpitishe asiyejua. Unajikuta tu unaanza kuona kwamba alichokifanya kinatosha.

Siwalaumu wenye skuli peke yao. Mmoja wao, mtu muungwana, alinikalisha chini akanionyesha daftari lake: ada, leseni, dizeli, mishahara, kamisheni, na ada ya kila kadi inayokwenda kwa shirika la ng'ambo. Akaniuliza nimwambie ni mstari gani aufute. Jirani yake alikuwa ameshusha bei wiki ile, na mgeni aliyeko ufukweni hana njia ya kujua kwamba kozi mbili zenye jina moja na kadi moja zinatofautiana kwa saa kumi za majini. Panapokosekana mtu wa kuupima ubora, bei ndiyo inayobaki kuwa kipimo, na anayefundisha vizuri ndiye anayefunga duka.

Mtauliza kama mashirika yenyewe hayasimamii. PADI, lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, na SSI, lililofuata mwaka 1970, ni mashirika ya biashara, na mapato yao yanatokana na kozi kuuzwa na kadi kutolewa. Yana viwango vizuri vilivyoandikwa, na hufuatilia baadhi ya wanafunzi kwa kuwapelekea maswali baada ya kozi. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa vibaya hajui alichokosa. Atajibu kwamba mwalimu alikuwa mcheshi na kasa walikuwa wengi. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumwona mkaguzi yeyote, wa shirika au wa serikali, akivaa mtungi na kushuka kutazama darasa likiendelea. Nimewaona wakikagua leseni, risiti na maboya ya kujiokolea, na hayo ni ya lazima, ila yote yako juu ya maji.

Kuna mahali pengine ambapo haraka hii inatugharimu bila sisi kuona. Njia nyepesi ya kumfundisha mtu haraka ni kumfunga mkanda wenye vipande vya uzito vya risasi vingi kupita kiasi ili azame mara moja na atulie mchangani. Njia iliyo sahihi ni kumfundisha kuelea katikati ya maji kwa kupima pumzi yake, na hiyo inahitaji subira. Yule aliyezoeshwa risasi nyingi na magoti ndiye tunayempeleka siku ya tatu juu ya mwamba, naye anashuka kama nanga juu ya matumbawe ambayo wageni wametoka mbali kuja kuyaona. Kila mgeni anayeingia eneo la hifadhi la Mnemba analipa ada ya uhifadhi, na ada hiyo hiyo inamlipia kuvunja kile alichokilipia.

Sasa naomba nizungumzie vijana wetu, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ili mtu aanze kozi ya kuongoza wazamiaji anatakiwa awe na mizamo 40 iliyoandikwa, na ili aimalize awe na 60. Ili afanye mtihani wa ualimu awe na 100 na awe amekuwa mzamiaji kwa miezi isiyopungua sita. Mgeni mwenye fedha anaweza kutoka hajui kitu hadi kuwa mwalimu katika muda wa msimu mmoja na nusu. Baharia wa Nungwi, anayeijua mikondo ya Mnemba, anayejua siku ya bamvua ni saa ngapi maji yanageuka na kwa nini usimpeleke mtu upande wa nje kusi ikivuma, anabaki miaka mingi akibeba mitungi kwa sababu kila ngazi inalipiwa kwa dola, na akishafika juu kuna uanachama wa kila mwaka na bima, navyo vinalipiwa nje. Mimi nililipa kwa mkopo wa kaka yangu aliyekuwa Muscat, na nisingekuwa naye ningekuwa bado mgongoni mwa boti.

Baadhi ya skuli zinapokea wanagenzi kutoka nje wanaolipa ili wafunzwe kuongoza wazamiaji, na wakati wa mafunzo wanafanya kazi bila ujira. Sina chuki nao, wengi ni vijana wazuri, na mwalimu wangu mwenyewe alikuwa mama kutoka Uholanzi ambaye alinifundisha siku sita kwa bei ya siku tatu na hakuniruhusu kupita ngazi hata moja kabla hajaridhika. Ila skuli yenye mfanyakazi anayelipa ili afanye kazi haina sababu ya kumsomesha kijana wa Matemwe. Hilo halihitaji ubaya wa mtu yeyote ili litokee; linatokea lenyewe mpaka mtu mwenye mamlaka aliwekee utaratibu.

Na wapo ambao hawakufundishwa kabisa. Nawazungumzia vijana wanaozamia majongoo ya bahari kwa mitungi ya kukodi, wanaoshuka mara nne au tano kwa siku bila saa wala jedwali la muda wa kukaa chini, na kupanda mtungi unapokwisha. Naitrojeni inayoyeyuka mwilini huko chini inatoka kwa mapovu wanapopanda kwa haraka, na viungo vinauma, na miguu inakufa ganzi. Nimewatembelea wawili majumbani mwao ambao hawatembei tena. Watu wa mtaani wanasema wamechezewa na shetani wa baharini. Kozi ya siku nne, kwa Kiswahili, ingewaeleza kilichowapata na namna ya kukiepuka.

Waheshimiwa, nchi isiyosomesha wazamiaji wake inalijua pengo hilo siku ya msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama ikielekea Pemba, waliowahi kuwaokoa watu asubuhi ile walikuwa wavuvi na boti za Nungwi. Kule Likoni, Mombasa, gari lenye mama na binti yake lilipotumbukia kutoka kwenye kivuko tarehe 29 Septemba 2019, lilitolewa tarehe 11 Oktoba, likiwa kwenye kina cha mita 58. Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyoanguka Ziwa Victoria ilifikiwa kwanza na wavuvi wenye mitumbwi na makasia. Najua kwamba kadi ya mtalii haimwezeshi mtu kufanya kazi ya mita 58. Uzamiaji wa burudani unaishia mita 40, na uokoaji ni fani yake yenyewe. Lakini wazamiaji wa uokoaji wanachaguliwa kutoka kwa watu ambao tayari wanajua kuzama. Tukiwa na wenyeji mia mbili waliofundishwa vizuri, tutapata ishirini wa kuendelezwa. Bila hao mia mbili, tutakodi ndege ya kuwaleta wageni huku familia zikingoja ufukweni.

Ninaomba mambo machache, na nimeyafikiria kwa muda mrefu.

La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba leseni ya skuli ya uzamiaji itolewe na kuhuishwa kwa ukaguzi unaofanyika ndani ya maji. Viwango vipo tayari: Shirika la Kimataifa la Viwango lina ISO 24801 kwa mafunzo ya wazamiaji, ISO 24802 kwa wakufunzi na ISO 24803 kwa watoa huduma, na Taasisi ya Viwango Zanzibar inaweza kuvipokea bila kuanza upya. Misri iliunda mwaka 2007 chemba maalumu ya uzamiaji na michezo ya majini inayokagua vituo kwa viwango vya namna hiyo, na Maldives tangu mwaka 2003 ina kanuni inayozuia mzamiaji wa burudani kupita mita 30. Tusichukue mazuri yao bila kutazama mapungufu: boti ya wazamiaji iliyozama Bahari ya Shamu mwezi Novemba 2024 inatukumbusha kwamba kukagua kituo bila kukagua chombo ni kazi nusu, na ndiyo maana barua hii inakwenda pia kwa wanaosimamia usafiri baharini.

Sitaki serikali ipange bei. Bei ya chini iliyopangwa itakwepwa kwa punguzo la chini ya meza kabla wino haujakauka. Pangeni muda na idadi: wanafunzi wasizidi wanne kwa mwalimu mmoja baharini, siku za kozi zisipungue nne, na kila mwanafunzi aandikiwe dakika alizokaa majini kwenye daftari linaloweza kukaguliwa. Hapo anayetaka kushusha bei ashushe, lakini hataweza kumuuza mwanafunzi. Katika ukaguzi huohuo itazamwe hewa yenyewe, kwa sababu kichujio cha kompresa kinachochelewa kubadilishwa, au bomba la kuvutia hewa lililowekwa karibu na moshi wa jenereta, hujaza mtungi kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Na kila boti iwe na oksijeni inayotosha kumfikisha mgonjwa hospitali.

Kuhusu vijana, sehemu ya ada za uhifadhi wa bahari itengwe kwa ajili ya kuwasomesha, na mafunzo yapitie katika vituo vya mafunzo ya amali. Mkokotoni ipo karibu na bahari tunayoifanyia kazi, na Vitongoji ipo kwa ajili ya ndugu zetu wa Pemba. Yaanze na kuogelea, kwa kuwa mtihani wa mwanzo ni mita 200 na kuelea dakika 10, na wengi wetu tuliokulia pwani hatukuwahi kufundishwa. Kwa wasichana hali ni ngumu zaidi, ingawa juhudi zilizofanyika Nungwi za kuwafundisha kuogelea zimeonyesha kwamba wazazi hukubali wanapopewa mwalimu wa kike na mavazi ya stara. Yafundishwe kwa Kiswahili, na skuli zinazopokea wanagenzi wa nje zitakiwe kupokea na mwenyeji kwa kila mgeni.

Mwisho, kuwe na daftari la ajali na la ajali zilizonusurika, linalopokea taarifa bila kumwadhibu anayetoa. Tukio langu la mita 14 halikuandikwa popote isipokuwa katika barua hii.

Kabla ya masika kuanza, bahari ikiwa bado tulivu, naomba kila ofisi kati ya nne ilete afisa mmoja. Boti inaondoka Muyuni saa mbili asubuhi siku ya maji mafu, na nafasi nne nitazilipia mwenyewe. Asiyezama atakaa juu na miwani na pezi, maji ya pale ni meupe na darasa linaonekana vizuri. Aje na saa ya mkononi, amchague mwanafunzi mmoja, na aandike dakika ambazo mwanafunzi huyo alifundishwa kwa kweli, kuanzia aliposhuka hadi alipopanda.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa uzamiaji,
Kaskazini Unguja